Mwaka Nilipolikata Gari la Lopur

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Lodwar, nilikabidhiwa kijiti cha mbao kilichotiwa alama kwa kisu, nikaambiwa nikapime tangi la lori la maji. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka Wundanyi, kwenye milima ya Taita, ambako asubuhi watu huamka na ukungu mlangoni, na nilikuwa nimesafiri siku tatu nikiwa nimevaa koti. Mkuu wangu wa kwanza, Mhandisi wa Maji, alilitazama lile koti kabla hajanitazama uso.

"Wewe ndiye karani wa magari?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi vua hilo kwanza. Halafu pima lori kabla halijatoka, na likirudi ulipime tena. Usimwulize dereva limekula mafuta kiasi gani. Pima."

Nikavua koti. Sikulivaa tena mpaka nilipokwenda likizo.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna vifaa vinavyowaonyesha gari liko wapi na limesimama dakika ngapi. Sisi tulikuwa na kijiti na karatasi ya safari. Karatasi ya safari ni fomu ambayo dereva hatoki getini bila kuijaza: anakwenda wapi, anambeba nani, mita ya gari inasoma ngapi, na nani ameidhinisha. Karani anaichukua jioni, anagawanya kilomita kwa lita, na hapo anajua kama gari linaumwa au kama kuna mtu amenyonya mafuta kwa mpira. Kazi yenyewe haina makelele. Unakaa kwenye kibanda karibu na geti, wenzako wote wanaondoka asubuhi, wanarudi jioni na vumbi na hadithi, na wewe unawauliza mita inasoma ngapi.

Nilipanga chumba Nawoitorong, nikakaa hapo miaka mingi. Nilioa nikiwa likizoni. Mke wangu, Mama Mghoi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu, na mwalimu hawezi kubeba shule yake begani. Tulikubaliana kwamba nitatafuta uhamisho. Niliandika barua ya kwanza, nikaandika ya pili. Mhandisi alihamishwa, akaja Mhandisi mwingine, naye akahamishwa. Mimi nilibaki na geti langu. Nilikuwa nikienda nyumbani Pasaka, Agosti na Desemba, na hizo ndizo siku nilizomlea binti yangu.

Baadaye nilipata kazi Kakuma, katika shirika moja lililoendesha zahanati pembeni ya kambi ya wakimbizi. Cheo kilikuwa kikubwa kidogo: msimamizi wa usafiri. Chini yangu kulikuwa na magari manne na van moja ya petroli iliyowachukua wafanyakazi asubuhi na kuwarudisha alasiri. Van ilikuwa na mizunguko miwili. Wa kwanza ulipita mjini Kakuma, kwenye barabara kuu ya lami inayokwenda Lokichoggio, ukiwachukua wauguzi, wahasibu na daktari. Wa pili ulikwenda Lopur kwa njia ya mchanga, ukarudi na watu wanne: wapishi wawili, mlinzi mmoja na Akiru.

Akiru alikuwa mfanya usafi wa wodi ya akina mama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye shanga nyingi shingoni juu ya sare ya bluu. Mumewe alikuwa amefariki. Kila asubuhi akishuka garini alipita kwenye dirisha la kibanda changu getini akasema, "Ejok, mzee," nami nikajibu, "Ejok." Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee niliyoambiwa ambayo hayakuhusu gari.

Kisha petroli ikaanza kupanda. Mnajua wenyewe jinsi bei mpya zinavyotangazwa katikati ya mwezi, na jinsi watu wanavyosimama karibu na redio. Ilikuwa ikipanda, inatulia, tunapumua, halafu inapanda tena. Kwetu sisi wa Turkana, mafuta yanaletwa kwa malori kutoka mbali, kwa hiyo bei tunayosikia ya Nairobi si ile tunayokutana nayo kwenye pampu. Waendesha bodaboda wa Kakuma walipandisha nauli siku hiyo hiyo. Mabasi ya Kitale nayo yakapandisha.

Meneja wa Utawala, mama mmoja mwenye sauti ya chini ambaye sote tulimwita Madam, aliniita ofisini kwake.

"Mafuta tuliyotengewa hayatafika mwisho wa mwaka," alisema. "Magari ya wagonjwa siyagusi. Angalia usafiri wa wafanyakazi. Niletee mpango, Mzee Mwadime. Nataka kuona kila njia iliyoko, na wewe uniambie ipi inafaa."

Nilifanya kazi ile kwa bidii kuliko kazi nyingine yoyote maishani mwangu. Niliangalia bodaboda, yaani kila mtu aje mwenyewe na shirika limrudishie nauli. Haikufaa, kwa sababu nauli ilikuwa ikifuata petroli kama kivuli. Niliangalia pikipiki za umeme. Mfanyabiashara mmoja mjini alikuwa ameleta mbili, akizichaji kwa jua, na jua ndicho kitu tusichonunua. Nilipanda moja mwenyewe. Kwenye lami ilikwenda vizuri, kimya, mpaka nikafurahi kama mtoto. Kwenye mchanga wa kuelekea Lopur ilizama, nikaisukuma, na nilipoirudisha mwenye nayo alisema betri hazipendi joto la mchana. Niliangalia kuwapa wafanyakazi vyumba ndani ya boma la zahanati. Wauguzi wakaniuliza watoto wao watalala na nani.

Niliangalia pia baiskeli. Huko miiba ya mgunga inatoboa hata soli ya kiatu, seuze mpira wa baiskeli. Lakini kulikuwa na fundi kambini, Mkongomani aitwaye Mbuyi, mtu wa maneno machache na mikono myeusi ya grisi, na nilimpelekea swali langu.

"Papa, hii mipira haina nguvu," aliniambia akiibonyeza kwa kidole gumba. "Tutakata mupira ya zamani, tutaiweka ndani ya hii ingine. Muiba itaingia, itakuta ingine ukuta. Itachoka."

Baiskeli moja ya namna hiyo niliipanda mwezi mzima bila kutoboka. Nikaandika hilo kwenye mpango, lakini nikaliweka mwisho, kama jambo la kufikiriwa baadaye. Nilijua daktari na wahasibu hawatapanda baiskeli, na sikutaka kuwa mtu wa kuwaambia.

Mwishowe nilifanya lililokuwa rahisi. Gari lilikwenda Lopur kwa ajili ya watu wanne tu, na mchanga unakula petroli kuliko lami. Nikalikata gari la Lopur. Kwenye karatasi lilipendeza sana. Madam alisoma akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Safi," alisema. "Nilijua utaona njia."

Nilikwenda kibandani nikiwa na furaha ya mtu aliyesifiwa, na sikuwa na wa kumweleza. Nikampigia Mama Mghoi. Alikuwa akisahihisha madaftari. Nilipomaliza kueleza akaniuliza, "Na hao wa Lopur watakujaje?"

"Watajipanga," nikasema.

Akaanza habari za paa lililokuwa likivuja. Nauli ilikuwa imepanda, akaniambia, nami nisijisumbue kuja Pasaka, hiyo nauli itamlipa fundi wa paa. Lilikuwa neno la busara, nikakubali. Mwaka ule sikwenda Agosti pia. Nilikuwa nimejikata mwenyewe kwenye mzunguko bila kuandika popote.

Wapishi wawili waliacha kazi mwezi uleule. Mlinzi akahamia mjini kwa ndugu yake. Akiru aliendelea kuja. Sikujua anakujaje. Nilimwona tu akipita getini, akisema "Ejok, mzee" kama kawaida, viatu mkononi, na alivivaa akiwa amefika kwenye saruji. Siku kadhaa alichelewa. Geti ndilo lililotunza kitabu cha kuingia na kutoka, kwa hiyo kuchelewa kwake kuliandikwa mbele ya macho yangu.

Ndipo Madam akaniita tena. Mezani palikuwa na barua kutoka kwa msimamizi wa wodi, ikisema mfanya usafi amechelewa mara nyingi kuliko kanuni inavyoruhusu na aondolewe.

"Huyu Akiru," Madam alisema, "alikuwa mtu wa kutegemewa. Kumetokea nini?"

Nilikuwa nimesimama. Nakumbuka feni ilikuwa ikizunguka na kona ya barua ikipepea.

"Sijui, Madam," nikajibu.

Ninayaandika haya hasa kwa sababu ya jibu hilo. Kazini nimewahi kukosea hesabu, nimewahi kupeleka gari Lokichoggio bila gurudumu la akiba. Hayo husameheka. Lakini siku ile nilijua, nikasema sijui, nikarudi kibandani na kukaa.

Madam alikuwa amesema ataamua mwisho wa wiki. Kesho yake, kabla jua halijachomoza vizuri, nilimlipa mwenye boda anipeleke Lopur, nikamwambia asinisubiri. Nilimkuta Akiru tayari yuko njiani, kitambaa kichwani, kibuyu kidogo cha maji begani.

"Ejok," nikamwambia.

Alisimama akanitazama kwa muda. "Ejok. Mzee, gari imeharibika?"

"Hapana. Nataka kutembea na wewe."

Akaendelea kutembea, nami nikafuata. Mwanzoni nilitembea kando yake, baadaye nyuma yake, baadaye mbali nyuma yake. Njia ile nilikuwa nimeiandika mara mia kwa lita. Sikujua kwamba mchanga unamrudisha mtu nusu ya kila hatua, wala kwamba kuna kilima kidogo katikati ambacho ukiwa garini hukioni. Jua lilipopanda, shati langu lililowa halafu likakauka lenyewe. Tulikutana na mbuzi, na mchungaji mmoja aliyemsalimia Akiru na kumwuliza jambo kwa Kiturkana. Akiru akajibu, wote wawili wakanitazama.

Tulipofika kwenye laga, ule mto mkavu unaotutenga na mji, haukuwa mkavu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu, na maji ya rangi ya udongo yalikuwa yanapita kwa kasi, kiasi cha kufika gotini. Akiru alichomeka fimbo akaiangalia, akaketi kwenye ukingo.

"Tunangoja," alisema. "Hii maji iko na nguvu. Ikifika hapa," akagusa chini ya goti, "tunavuka."

"Na siku ulizochelewa?"

"Ilikuwa hii maji. Siku ingine ilikuwa mguu tu. Mguu imechoka."

"Mbona hukuniambia?"

Aliondoa shanga moja iliyokwama kwenye ukosi wa sare, akaipanga vizuri. "Wewe ndiyo uliondoa gari. Mimi nilijua unajua."

Tukakaa tukitazama maji. Baada ya muda akaongea mwenyewe, bila kunitazama.

"Mimi sikupenda hiyo gari juu ya haraka. Kutembea tumetembea toka zamani. Nilipenda juu nilikuwa nakaa. Asubuhi nachota maji, nachunga watoto ya marehemu dada yangu, nafika hapa nasimama mpaka jioni, narudi napika. Kwa gari nilikuwa nakaa tu. Hakuna mtu ananiita. Siku yote hakuna mahali ingine nakaa."

Tulivuka maji yalipopungua. Alinishika mkono katikati ya mkondo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiyumba. Tulipofika getini, mlinzi akafungua kitabu akaandika saa ya Akiru, na nikamwambia aandike na yangu hapo chini. Miaka yangu yote ya kazi sikuwa nimewahi kuchelewa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Madam na matope yangu miguuni. Nikamwambia kwamba nilijua. Nikamwambia njia ikoje, na laga, na kwamba mpango niliompa ulikuwa mzuri kwa waliokaa karibu na mbaya kwa waliokaa mbali, na kwamba niliupanga hivyo kwa kuwaogopa wakubwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa unataka tufanye nini? Mafuta ni yaleyale."

"Waliopo mjini wapande baiskeli, Madam. Kuna lami, na si mbali. Mbuyi ataandaa matairi. Anayeumwa au mjamzito apelekwe. Van iende Lopur tu."

"Na daktari? Na wahasibu?"

"Nao pia."

Alivua miwani akaifuta. "Utawaambia wewe mwenyewe," akasema. Akachukua barua ya msimamizi wa wodi akaiweka kwenye droo, na sijawahi kuiona tena.

Niliwaambia wakati wa chakula cha mchana. Hakuna aliyepiga kelele. Daktari, kijana mpole wa kutoka Meru ambaye alikuwa akinikopesha magazeti, aliweka kijiko chini.

"Mzee, mimi nimesoma miaka yote ile ili nije kazini kwa baiskeli, na mfagizi apite na gari akinipungia mkono?"

"Yeye anatoka Lopur, Daktari."

"Najua anakotoka. Nakuuliza wewe."

Madam alitia sahihi, baiskeli zikaja, Mbuyi akazitia ukuta wake wa ndani, na mpango ukafanya kazi. Mafuta yalifika mwisho wa mwaka, hata bei ilipopanda tena. Wauguzi wawili walizoea wakaanza kushindana asubuhi. Daktari alinunua pikipiki yake mwenyewe. Mpishi mmoja wa Lopur alirudi kazini. Ukiangalia kazi tu, ule ndio mpango bora niliowahi kuufanya.

Lakini mezani wenzangu walihama. Si kwa siku moja. Kwanza walikuwa wanamaliza kula upesi nilipoketi, halafu wakaanza kula mapema. Magazeti hayakuja tena. Nilikula peke yangu katika ukumbi wa viti thelathini, nikisikia friji ikinguruma, kwa miaka mitatu iliyobaki mpaka kustaafu kwangu. Jioni nilirudi chumbani, nikafungua redio, nikalala. Kuna Jumapili nilizotembea mpaka karakana ya Mbuyi nikakaa kwenye kibao chake bila shughuli yoyote. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinisogezea chai, akaendelea kuziba mipira. Kisha familia yake ikapata nafasi ya kwenda nchi ya mbali, akafunga karakana, akaniachia namba ya simu ambayo haikuita kamwe.

Siku ya kustaafu Madam alisoma hotuba fupi, tukanywa soda. Daktari alikuwa amekwisha kuhamishwa. Akiru alikuja akaketi kiti cha kando yangu, mikono mapajani, akakaa hivyo mpaka sherehe ikaisha. Alipoitwa garini alisema, "Mzee, enda pole pole," akaenda.

Nilirudi Wundanyi. Sitawaficha: nilikuwa mgeni. Mama Mghoi naye alikuwa amestaafu, alikuwa na kikundi chake cha kanisa, kuku wake, saa zake. Kila nilipotaka kusaidia nilikuwa nimesimama mahali alipotaka kupita. Alinipa chai kwenye kikombe cha wageni, si kwa ubaya, ila ndicho kilichokuwa cha ziada. Mghoi, binti yetu, alipokuja alizungumza na mama yake jikoni, na mimi wakanipelekea chakula sebuleni. Baada ya miezi minne nilisema kuna karatasi za pensheni zinazohitaji nirudi Lodwar. Karatasi zilikuwepo kweli, lakini zilichukua siku mbili. Nikapanga chumba Nawoitorong, si mbali na kile cha ujana wangu, na sasa nimekaa mwaka mmoja na zaidi. Asubuhi natembea mpaka daraja la Turkwel na kurudi. Watu wananisalimia. Hakuna anayenihitaji wala anayenikataa.

Mwezi uliopita Mama Mghoi alinipigia simu akisema yuko stendi ya Lodwar. Hakuwa amewahi kufika. Nilikimbia, nikamkuta amesimama kivulini mwa ukuta, begi moja mkononi, uso umemwiva kwa joto, amevaa sweta.

"Mbona hukusema unakuja?"

"Ungeniambia nauli imepanda," akajibu.

Nilimpeleka chumbani. Alitazama kitanda, redio, ndoo, sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja juu ya boksi. Alisimama hapo kwa muda mrefu mpaka nikaona haya, kama mtu aliyekutwa na kosa.

"Hivi ndivyo ulivyokaa?" akauliza. "Miaka yote?"

"Kakuma chumba kilikuwa kidogo zaidi."

Alikwenda sokoni akarudi na sahani na kikombe. Alikaa siku sita. Nilimwonyesha geti la ofisi ya maji, nilimweleza karatasi ya safari, nikamsimulia gari la Lopur mpaka pale laga, kwa mara ya kwanza nikisema yote, hata lile jibu nililompa Madam. Alisikiliza akimenya vitunguu.

"Siku ile ulinipigia ukajisifu," alisema.

"Nakumbuka."

"Ulikosea kuwaacha hao watu. Na mimi nilikosea kukuambia usije. Paa lenyewe bado linavuja."

Alipoondoka sikumwambia nitakwenda lini, naye hakuuliza. Alipanda basi, akaketi dirishani, akalivua lile sweta akalikunja mapajani. Niliporudi chumbani nilipika ugali wa kiasi changu, nikala, nikaosha sahani zote mbili ingawa ya pili ilikuwa safi.

Jana nilikwenda kukata tiketi ya kuelekea nyumbani wiki ijayo. Karani wa basi, binti mdogo, aliniambia bei imebadilika tena, akaniomba radhi kana kwamba ni yeye aliyeipandisha. Kisha akaniuliza kama aniwekee na nafasi ya kurudi.

Nikamwambia ya kwenda tu. Mama Mghoi bado sijamwambia.